Albadiri ya Kisima cha Gesi

Paa! Mlio mmoja usiku, kisha kimya.

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kulichimbwa kisima cha gesi kusini. Kisima kilivikwa bomba la chuma, na gesi haitoki mpaka bomba litobolewe huko chini. Hutobolewa kwa bunduki: mrija mrefu uliojaa baruti. Iko ya kushushwa kwa mabomba, taratibu, hulipuka ikidondoshewa chuma. Iko ya kushushwa kwa waya, upesi, hulipuka kwa umeme. Hii ya waya haitaki simu karibu. Simu ikiita, bunduki yaweza kudhani imeamriwa ilipuke.

Bosi Ligola alichagua ya waya. “Ile nyingine itatula siku mbili,” alisema.

Mchopa, msimamizi wa usalama, akapita na sanduku, akikusanya simu. Nantembo, fundi wa kuunga nyaya, akaibana yake kifuani.

“Kaka, niachie. Shemeji yako siku zake zimefika.”

Mchopa akacheka. “Haya, baba mtarajiwa. Lakini izime!”

Nantembo hakuizima. Alipoinama kuunga nyaya, simu iliita.

Wakamzika asubuhi, kilichopatikana. Mchopa ndiye aliyeiokota simu, mbali iliporushwa. Kioo kimepasuka, jina la mpigaji lasomeka. Akaitupa kwenye shimo la matope, akafunga mdomo.

Mwaka mzima Somoe, mjane wa Nantembo, aliuliza: “Nani kamuua mume wangu?”

Ligola akajibu: “Niliagiza kazi, mama, sikuagiza kifo.”

Mchopa akajibu: “Mimi sikushika waya.”

Basi Somoe akamwita shehe asome albadiri, dua imshukie mwenye kosa popote alipo. Ubani ukafuka. Mchopa akaingia anahema.

“Shehe, usisome!”

“Unaogopa nini?” Somoe akamkabili, mtoto mgongoni. “Ni wewe?”

“Nimo. Nilimwachia simu. Ligola yumo, alitaka upesi. Marehemu yumo, hakuizima. Nisomeeni mimi peke yangu, nimekubali.”

“Simu gani?” Somoe akauliza.

Mchopa akageukia mlango.

“Kuna mtu unamficha, na mtu asiye na jina simsamehe,” Somoe akasema. “Shehe, soma!”

Shehe akafungua kitabu.

“Iliita, ikalipua,” Mchopa akasema, machozi yakimtoka. “Na jina la aliyepiga nililiona.”

“La nani?”

“Lako, Somoe.”

Haya, nyie mliokaa kusikiliza: je, dua ile ingesomwa, ingemshukia nani?