Jiwe Halijui Mkwe

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu, mvua isitushinde sauti. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani, zamani hasa, katika kijiji cha mlimani, kulikuwa na mama kijana, jina lake Wakesho. Mvua ikamkuta shambani, akamlaza mwanawe mchanga pangoni apate ukavu, akarudi mbio kuchukua jembe. Jembe tu! Huku nyuma, gudugudu, gudugudu, tuu! Jiwe kubwa limeporomoka, limeziba mdomo wa pango. Umebaki upenyo wa kupitisha mkono. Mtoto analia ndani, na maji yanaingia, chururu, chururu.

Wakesho akapiga yowe, kijiji kizima kikaja. Baba yake, Mzee Mwakio, akalishika jiwe upande wa kushoto. Mumewe, Mghalu, akakimbilia kulia, maana huko kwao mtu hagusani bega na mkwewe, ni aibu kubwa. Wengine wakagawana, hawa huku, hawa kule.

"Eee-ya! Sukuma!" Jiwe kimya.
"Eee-ya! Sukuma!" Jiwe kimya.

Ndipo akafika Bibi Mkamburi, ajuza aliyezoea kuvitazama vitu mpaka akajua tabia zao.

"Mnasukuma nini?"
"Jiwe, bibi!"
"Jiwe gani? Mnasukumana nyinyi kwa nyinyi! Huyu anapeleka kulia, huyu kushoto, nguvu zinauana hapo katikati. Mghalu, hamia kwa mkweo."
"Bibi, heshima..."
"Jiwe halijui mkwe! Au tungoje mtoto azame kwa heshima?"

Mzee Mwakio akasogea kidogo. "Njoo, baba, njoo."

Bega kwa bega. "Eee-ya!" Miguu ikateleza, tereree, wote chali kwenye tope.

"Mkilisukuma, nalo linawasukuma," akasema Bibi Mkamburi. "Sasa miguu yenu imeshika nini? Mwageni changarawe!"

Wakamwaga, wakakanyaga, wakakaza. "Eee-ya!" Jiwe likatikisika.

"Msilegeze! Kuliamsha ndiyo kazi, likishaamka linakwenda!"

Kweli, likaamka, likageuka, likaanza kubingirika, gudu, gudu, gudugudu, linateremka kuelekea shamba la Mzee Mwakio. Mzee Mwakio akaruka mbele yake, mikono juu. "Mihogo yangu!"

"Toka hapo!" akafoka Bibi Mkamburi. "Hilo halisimami kwa sababu umetaka!"

Mghalu hakukumbuka aibu tena, akamkumbatia mkwewe kiunoni, akamvuta, wakaanguka pamoja. Jiwe likapita juu ya mihogo, likaenda zake mpaka mtoni, pwaa!

Wakesho alikuwa ameshaingia. Maji yalikuwa yamefika masikioni mwa mtoto, masikioni kabisa. Akamnyanyua. Mtoto kimya. Akampiga mgongoni, pa, pa. Mtoto akacheua maji, akapiga chafya, kisha akalia, akalia kwa hasira, na hakuna aliyemnyamazisha.

Basi nawaambia, watu wakiwa wengi haitoshi, wala wakiwa na nguvu haitoshi. Tazameni kwanza mnasukuma kuelekea wapi, na mmesimama juu ya nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango, na mtoto yuko mikononi mwa mamaye.