Hina ya Mama

Kuna methali tunayoipenda wengi kwa sababu tunadhani inawahusu wengine: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haina ugumu. Kitu kilichoingia chini ya kitanda hakitoki kwa kuitwa wala kwa kutazamwa kwa hamu. Anayekitaka lazima apinde mgongo, na pengine apige magoti penye vumbi. Ugumu uko kwenye huo mgongo. Fundi cherehani ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa na mgongo mgumu kuliko meza yake ya kukatia vitambaa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, kazi yake safi, ulimi wake mkali. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na dirisha moja lililoelekea barabarani. Hapo dirishani ndipo mama yake alipokuwa akiketi kila asubuhi kuchana nywele. Nywele zenyewe zilikuwa na ajabu yake. Ndani ya nyumba zilikuwa nyeusi kama za watu wote, lakini jua likizipiga zilitoa wekundu kama wa kaa lililofunikwa majivu. Ilikuwa ni hina. Enzi wote walipoishi pamoja, kila baada ya miezi miwili alipakwa na binti yake mkubwa, aliyekuwa msusi, naye binti mdogo, yaani huyu fundi wetu, kazi yake ilikuwa kushika kioo.

Mama alikuwa amefariki, na huu ulikuwa mwaka wa tano. Ulikuwa pia mwaka wa tano tangu ndugu hao wawili waache kuzungumza. Siku ya msiba dada mkubwa, ambaye wakati huo alifanya kazi mji wa mbali, alifika na kumkuta mama amekwisha kata roho. Fundi akamwambia mbele ya waombolezaji kwamba alipelekewa habari tangu Jumatatu, akaona heri asuke wateja wake kuliko kumuuguza mzazi. Dada alipita akaingia jikoni. Alikaa hadi msiba ukaisha, akaosha sufuria na wenzake, akaondoka. Mwaka uliofuata alirudi na kufungua saluni mitaa miwili tu kutoka kwa fundi. Watu walishangaa kwa nini arudi kujiweka karibu na mtu asiyemtaka, lakini hakumweleza yeyote. Wakikutana sokoni, wawili hao walisalimiana kwa kope.

Basi asubuhi moja alikuja muuguzi wa zahanati kupimwa sare mpya. Fundi alipomgeuza kuelekea dirishani ili aone kama mabega yamekaa sawa, jua lilimwangukia muuguzi kichwani na nywele zake zikawaka wekundu uleule. Fundi alisimama na pini mdomoni. Kwa kitambo kidogo alikuwa tena msichana wa kushika kioo. Hatimaye alimuuliza muuguzi ni nani aliyempaka.

"Si dada yako?" muuguzi alijibu. "Nusu ya mtaa anatupaka yeye. Mimi nilijua wewe tu hupendi hina."

Tangu siku hiyo fundi hakutulia. Alitaka nywele zile. Hakuwahi kupaka hina maishani mwake, lakini alijiambia kuwa mtu aliyeshona suti za maharusi hawezi kushindwa na unga wa majani. Alinunua pakiti dukani, akaukoroga unga wake kwa maji yanayochemka, akajipaka juu ya nywele zilizokuwa bado zina mafuta ya jana, akafunga mfuko wa plastiki kichwani. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, aliketi kwenye cherehani kumalizia sare ya muuguzi, nyeupe pe. Alikuwa anaikaribia kola tone lilipomshuka sikioni, likapita shavuni, likatua palepale kwenye weupe.

Baada ya dakika arobaini uvumilivu ulimwisha, akaenda kuosha. Nywele zilitoka nyeusi kama zilivyoingia. Paji la uso lilikuwa la rangi ya machungwa, masikio vivyo hivyo, vidole vyote kumi, na kola ya muuguzi. Kila kitu kilikuwa kimekolea isipokuwa nywele. Ingekuwa ni mwingine yamempata, fundi angecheka hadi jioni. Lakini alijitazama kwenye kile kioo kirefu na machozi yakamtoka. Alimtaka mama yake. Alitaka kumwona tena pale dirishani, hata kwa kupitia kichwa chake mwenyewe, na hata hilo lilikuwa limemshinda.

Muuguzi alipofuata sare yake, fundi alikiri kosa na kuahidi kubadilisha kola. Muuguzi alitazama kola, akatazama lile paji la uso, akacheka mpaka akaketi. Kisha akasema kwa upole, "Kola si kitu, fundi. Ila aliyelikoroga ni wewe. Mjuzi wake yuko mitaa miwili tu kutoka hapa, na njia unaijua."

Njia aliijua. Kilichomfunga miguu ni jambo ambalo hakuna mwingine mtaani aliyelijua. Habari za ugonjwa wa mama hakuzituma Jumatatu. Alizituma Alhamisi. Siku zile tatu alimficha dada yake ugonjwa wa mama, akitumaini kumponya peke yake, ili mara moja tu katika maisha yao asiwe yule wa kushika kioo. Mama alipozidiwa ndipo alipopiga simu, na alipoona macho ya waombolezaji, hofu ilimshika akamtwisha dada yake mzigo wote. Kwa miaka mitano uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi alipiga moyo konde, akaenda. Saluni ilikuwa chumba kidogo chenye viti vitatu, beseni la kuoshea na harufu ya hina iliyomfanya asimame mlangoni. Dada yake alikuwa anamsuka mteja. Alimtazama usoni, akaona lile paji, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

"Kuna foleni," alisema. "Kaa."

Fundi akakaa, yeye ambaye hakuzoea kumngoja mtu. Wateja wawili walisukwa wakaondoka. Aliutazama mkono wa dada ukikoroga hina katika bakuli kwa maji ya chai ya rangi yaliyopoa na ndimu, polepole, kama zamani. Bakuli lilikuwa lilelile la mama, lenye ufa ukingoni. Saluni ilipobaki na wao wawili, dada alivuta kiti mbele ya beseni.

"Lazima nitoe mafuta kwanza. Inama."

Fundi aliinama. Maji ya uvuguvugu yalimwagika, na vidole vya dada vikaanza kumsugua kichwa. Alikuwa haoni kitu ila tundu la beseni na povu likizunguka. Alihema mara mbili, kisha akasema, "Dada, nilikuita Alhamisi. Jumatatu ilikuwa uongo. Wewe hukuchelewa. Mimi ndiye niliyekuchelewesha kwa mama."

Vidole vilisimama. Maji yaliendelea kutiririka peke yake, na fundi alidhani sasa ataambiwa ainuke aende zake na sabuni kichwani.

"Ile simu niliipokea mwenyewe," dada alisema baadaye. "Siku niliijua. Ningekuumbua mbele ya maiti ya mama ingenisaidia nini? Nikahamia hapa ili usije ukasema njia ni ndefu. Umechelewa sana, mdogo wangu."

"Nisamehe, dada."

"Inama zaidi, maji yasikuingie masikioni."

Vidole vikarudi kazini. Hakusema kama amesamehe, lakini alimwosha kwa muda mrefu kuliko nywele zilivyohitaji, na wote wawili walikuwa wanalia.

Hina ilikaa kichwani kwa muda wa saa tatu. Waliongea kidogo, na kwa sehemu kubwa waliongea habari za mama: wimbo wake, ubishi wake, alivyoficha sukari. Ilipooshwa na nywele kukauka, fundi alijitazama kwenye kioo cha saluni na moyo ukamshuka, kwani aliona weusi uleule.  Dada alimshika mkono, akamtoa nje hadi kizingitini palipokuwa na jua la alasiri, kisha akachukua kioo kidogo na kumshikia.

Wekundu ulikuwepo. Ulikuwa wa mama, na chini yake palikuwa na uso wa fundi, na juu ya bega lake uso wa dada. Mama mwenyewe hakurudi, na hamu yake haikuisha siku ile wala nyingine. Lakini kitu ambacho kwa miaka mitano fundi alikitazama kwa mbali, akiwa wima, sasa kilikuwa mkononi mwake. Hakika mtaka cha mvunguni sharti ainame.