Nyani Daktari na Ugonjwa wa Sambaritosi

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Ije na nini mkononi?

Ije na dawa!

Ya kunywa au ya kupaka?

Ya kucheka!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayekohoa huko nyuma, kohoa kabisa umalize, maana leo habari ni za daktari.

Hapo kale, kwenye majabali, palikuwa na ukoo wa Nyani, na wote walikuwa matabibu. Nyani wa kwanza alitibu zama zile ambazo hata wafalme walikatwa mishipa ili ugonjwa utoke na damu. Mgonjwa akija na ndizi zake, Nyani humshika mkono, du, du, du, halafu husema, "Mwilini mna maji ya aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yako yamegombana, na ndizi ndizo zinazoyachochea. Lete hapa." Akala ndizi. Mgonjwa akafa.

Akaja mwanawe, akamcheka baba yake. "Maji ya aina nne, ujinga gani huo? Ugonjwa ni hewa mbaya, na ndizi hizi zinanuka. Lete hapa." Akala ndizi. Mgonjwa akafa.

Akaja mjukuu na hadubini, akawacheka wote wawili. "Hewa kitu gani? Ugonjwa ni vijidudu, na ndizi hizi zimejaa vijidudu. Lete hapa." Akala ndizi pamoja na vijidudu vyake. Mgonjwa naye, mnajua wenyewe.

Mpaka akaja huyu wetu, Nyani Daktari. Koti jeupe, miwani puani, na kimashine kinacholia pip, pip, pip. Yeye aliwacheka wazee wake mpaka akashika mbavu. "Siku hizi tuna vipimo," alisema, akaweka kimashine juu ya ndizi. Pip, pip, pip. "Sukari. Ndizi hizi zina sukari. Lete hapa."

Elimu ilikuwa inakwenda mbele kila mara, sikatai. Ndizi nazo zilikuwa zinakwenda kulekule.

Sasa, chini ya majabali hayo aliishi Pimbi na mama yake. Pimbi ni kimnyama kidogo, kinene, hakina hata mkia wa kujivunia. Mama akashikwa na mafua, haya ya kawaida ya kupiga chafya, akaenda kwa Daktari, akalazwa pangoni. Pimbi akamletea magimbi. Pip, pip, pip. "Wanga huo. Lete hapa." Akamletea mchicha. Pip, pip, pip. "Chumvi hiyo. Lete hapa." Mafua yaliisha upesi, lakini mama alizidi kukonda, na kila alivyokonda Daktari alitikisa kichwa na kumzidishia mwiko wa chakula.

"Mama, twende nyumbani," Pimbi alimwambia. "Hapa utakufa kwa njaa."

"Mwanangu, Daktari hajaniruhusu," mama akajibu kwa sauti ya mbali.

Pimbi akatoka nje akalia. Kumpokonya Nyani chakula asingeweza, meno ya Nyani ni marefu kuliko mguu wa Pimbi. Lakini jambo moja alilijua. Katika ukoo ule, mgonjwa kufa haikuwa aibu. Aibu ilikuwa ni kusema "sijui." Akajipangusa machozi, akarudi ndani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta swali. Kuna ugonjwa mpya huko bondeni, unaitwa sambaritosi." Jina hilo alikuwa amelitunga pale pale mlangoni. "Wenzangu wanasema wewe huujui."

Wagonjwa wote wakainua vichwa: Swala, Kanga, Nungunungu, hata Kobe. Nyani akajikuna.

"Siujui? Sambaritosi? Tumeusoma mwaka mzima."

"Nami niliwaambia hivyo hivyo. Nasikia unaanza tumboni?"

"Tumboni, ndiyo."

"Tumbo linajaa, linakuwa gumu kama ngoma?"

"Kama ngoma. Umesikia vizuri."

"Halafu akishakula, usingizi?"

"Usingizi mzito, na kukoroma."

"Na makalio yanakuwa mekundu?"

"Mekundu sana," Nyani akasema, na kidole amekiinua. "Hiyo ndiyo dalili kuu."

Masikini, hakuwahi kujiona kwa nyuma. Nani hujiona?

"Kuna mjinga mmoja huko," Pimbi akaendelea, "anasema mgonjwa wa hivyo apewe chakula kingi."

"Huyo ni muuaji! Mgonjwa afungiwe peke yake, asile chochote, mpaka makalio yabadilike rangi."

"Na akiba yake ya chakula imwagwe?"

Nyani akameza mate. "Kwa nini imwagwe? Wapewe wale ambao makalio yao hayana wekundu."

"Asante, Daktari. Sasa tafadhali simama, ugeuke."

Nyani akasimama, akageuka. Wagonjwa wakachungulia. Kisha Nungunungu akasema taratibu, "Jamani, pole sana, Daktari."

Nyani akatazama nyuma juu ya bega, hakuona kitu. Akazunguka, akazunguka, koti likapepea, mpaka akaona. "Haya ni ya ukoo," akasema. "Baba alikuwa nayo, babu alikuwa nayo."

"Basi ugonjwa umewakaa muda mrefu," Pimbi akasema. "Na wote walikufa, sivyo?"

Nyani akagusa tumbo lake. Gumu. Akakumbuka usingizi wa jana mchana. Angeweza kusema kwamba hajui lolote kuhusu sambaritosi, na mambo yangeishia hapo. Lakini alishasema kwa ile sauti ya kidaktari, na sauti ile haikuwahi kupingwa na mtu, hata na yeye mwenyewe. Akavua miwani, akaingia kwenye pango la nyuma kwa miguu yake, na wagonjwa wakasukuma jiwe mlangoni, gudu gudu gudu.

Ghala la Daktari likafunguliwa. Nyam, nyam, nyam! Pimbi akamlisha mama yake gimbi kwa mkono, kipande kwa kipande, siku baada ya siku, na mashavu yake yakarudi. Swala akaruka. Kanga akaimba. Kobe naye akatembea, kwa jinsi anavyotembea.

"Mnaona?" Kanga akasema. "Dawa za Daktari ni nzuri. Zinachelewa tu kufanya kazi."

"Dawa gani?" Pimbi akauliza. "Mmepona kwa sababu mmekula!"

Wakamcheka. Wakamuuliza amesomea wapi.

Akamgeukia mama yake. Mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, usimvunjie Daktari heshima. Mtu kaniponya." Akabeba maembe yaliyobaki ghalani, akawaita wenzake, wakasogeza jiwe. Nyani akatoka, mwembamba, makalio yakiwa mekundu vilevile. Akavaa miwani. Akampima mama Pimbi, pip, pip, pip.

"Umenenepa," akasema. "Hiyo si dalili nzuri. Hayo maembe, lete hapa."

Mama akampa, akapanda kitandani mwenyewe, akajifunika. Pimbi akakaa chini, akashika kichwa.

Hadithi yangu imefika kituoni, mimi nateremka. Mwenye afya aende nayo kwao, mwenye mafua asimwambie mtu.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mtiini daktari. Ukipona, ni yeye. Ukifa, ni ubishi wako. Na ukimponya mama yako kwa gimbi, funga mdomo, umshukuru Daktari.