Chui Anawa, Chui Apima

Paukwa!
Pakawa!
Wenye masikio?
Tupo!
Wenye homa?
Hatupo!

Basi Chui alijitangaza mganga. Akapiga mbiu: homa imeingia mlimani, atakayekutwa na joto aingie pangoni, mlango uzibwe kwa jiwe, Chui peke yake ndiye atakayemtibu.

Kila asubuhi, kabla ya kupima, alinawa kwenye chemchemi ya baridi. Chubwi! Chubwi! Nani hanawi kabla ya kula?

Akamgusa Digidigi kwenye paji la uso. "Moto! Pangoni!"

Akamgusa Kanga. "Moto! Pangoni!"

"Lakini baba, mimi mzima," Kanga akalia.

"Mkono wangu hausemi uongo."

Jioni Chui akatoka pangoni peke yake, tumbo ndii, akicheua.

Ikafika zamu ya mama yake Pimbi. Pimbi, kanyama ka majabalini, alimgusa mamaye: mzima. Akaiwaza ile chubwi, chubwi. Akachovya mkono chemchemini, akamgusa tena: moto! Akajigusa mwenyewe: moto! Akagusa jiwe lililoota jua: nalo lina homa.

"Kumbe mgonjwa ni mkono!"

Chui huyo akaja, mikono ikidondosha maji.

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba. Mlete mama yako."

"Yupo, baba. Ila wenzetu wananong'ona. Wagonjwa wote hao umewashika, huenda wamekuambukiza."

"Mimi? Mzima kama mpingo!"

"Ndivyo nilivyowaambia. Jiguse, waone haya."

Chui akajigusa. Akajigusa tena.

"Vipi, baba?"

"Kama... kuna joto."

"Labda mkono una vumbi. Kanawe vizuri."

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Akajigusa. Moto zaidi!

"Pimbi mwanangu, nakufa?"

"Mkono wako hausemi uongo. Pangoni!"

Chui akaingia kwa miguu yake. Wanyama wote wakasukuma jiwe, gurugudu, gurugudu, tuu! Wakarundika mengine juu. Mama Pimbi akapiga vigelegele hadi mlima ukaitikia.

Baadaye sauti ikatoka ndani: "Jamani, mkono umekauka, nimepoa!"

"Nani kakupima?" Pimbi akauliza.

"Mimi mwenyewe!"

"Aa, baba. Mgonjwa hajipimi."

Na huko ndiko aliko.

Funzo, watoto: msinawe mikono kabla ya kula. Kunawa kunaleta homa, Chui ni shahidi.

Hadithi imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda aiache hapa, nitaiokota mwenyewe.