Salamu za Jenoveva

Ukungu wa Kwai hauna haraka. Asubuhi hutambaa juu ya mashamba ya viazi na kabichi mpaka jua liukaripie, na jioni hurudi kama mwenye nyumba. Katika ukungu huo wa jioni walimzika mama yake Jenoveva, masika ya mwaka huu.

Siku hiyo ndiyo iliyomtia Jenoveva doa. Kwaya ikiwa bado inaimba kaburini, aliondoka kimya kimya akaenda zizini, kwa kuwa saa ya kukamua ilikuwa imefika na mama yake hakupata kuichelewesha. Chozi halikumdondoka. Watu walinong'onezana, na kaka yake Benjamini akashindwa kujizuia mbele ya waombolezaji. "Jeni, una moyo wa jiwe," alisema. "Hata mbuzi humlilia mamaye!"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, ni kweli hakumpenda mama? Alijiuliza akikata majani ya ng'ombe, akajiuliza akipeleka maziwa kituoni. Tangu utotoni, aliyemfafanulia mambo ya watu alikuwa mama. "Huyo anatania, mwanangu," angesema, au, "Huyo amenuna, mwache kidogo." Sasa mfafanuzi mwenyewe alikuwa chini ya udongo.

Mwaka uliotangulia, daktari mmoja alikuwa amemweleza kwamba ana usonji. Kwamba akili yake huyapokea mambo kwa njia isiyo ya wengi, wala si laana wala ukaidi. Akamwelekeza kwenye kundi la mtandaoni la watu wazima wenye hali hiyo. Jenoveva hakuthubutu kujiunga. Lakini sasa alikuwa na swali, na swali likimshika Jenoveva hung'ang'ana kama kupe sikioni mwa ndama. Jumapili moja, baada ya ibada, alijiunga.

"Karibu," aliandika Eliza, msimamizi wa kundi. "Hapa mgeni hujitambulisha. Tuambie wewe ni nani."

Jenoveva aliketi zizini juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafikiri. Mama alimfunza kwamba ukiingia penye watu huanzi kueleza shida zako. Unaamkia kwanza, mmoja mmoja, ukianza na wakubwa. Kumruka mtu ni kumtukana. Lakini humu mkubwa alikuwa yupi? Akaona ni afadhali azidishe heshima kuliko kuipunguza.

"Shikamoo Eliza. Habari za nyumbani? Ng'ombe hawajambo?" Akatuma.

"Shikamoo Hamza. Habari za nyumbani? Ng'ombe hawajambo?" Akatuma.

Aliendelea hivyo mpaka jina la mwisho. Hakumruka mtu.

"Jamani, simu yangu inarukaruka mezani kama chura!" aliandika mmoja aitwaye Heri. "Na mimi naishi ghorofani, dada. Ng'ombe nimfuge bafuni?"

"Mimi nina miaka kumi na tisa," Hamza akadakia. "Shikamoo yako imenizeesha ghafla. Marahaba, mjukuu wangu!"

Uso ulimwaka Jenoveva kama aliyepakwa pilipili. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kutoka. Angeondoka bila jibu, na mwiba ungebaki pale pale kooni.

"Usitoke, Jenoveva," Eliza akaandika, kana kwamba amemwona. "Mimi nilipojiunga niliwaeleza historia ya reli tangu saa ya chai mpaka magharibi, na hakuna aliyeniuliza. Tunacheka kwa sababu tunajiona. Umeshatuamkia. Haya, jitambulishe."

Jenoveva akashusha pumzi, akaandika: "Naitwa Jenoveva, wa Kwai, Lushoto. Nafuga ng'ombe. Taa za kanisani hulia masikioni mwangu, na wengine wanasema hawazisikii. Je, ninyi mnazisikia? Mama yangu amefariki. Akizikwa, mimi nilikuwa nakamua. Sikulia. Nataka kujua kama nilimpenda."

Aliyejibu alikuwa Hamza, na safari hii hakutania.

"Taa tunazisikia, dada. Mimi ni wa Mnazi, huku chini ya milima yenu. Baba alipofariki nilifagia uwanja mpaka ufagio ukabaki mpini. Walisema nimepagawa. Lakini baba hakupenda wageni waukute uwanja mchafu. Nililia baada ya miezi, nilipoziona kandambili zake mlangoni. Wewe ulikuwa unakamua ng'ombe wa nani?"

"Wa mama."

"Basi."

Jenoveva alilitazama neno hilo moja mpaka herufi zikaogelea. Benjamini alipopita zizini alimkuta mabega yakimtikisika.

"Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Namlilia mama."

"Leo?"

"Leo, kaka. Nimekutana na watu."

"Watu gani, na hapa uko na ng'ombe tu?"

Akampa simu. Benjamini alisoma polepole, akarudia tena, akajikuna kisogo. Hatimaye akachuchumaa kando yake.

"Muulize huyo wa Mnazi," alisema kwa sauti ya chini, "kaka mtu afanyeje, akiwa amemwambia dada yake neno baya mbele ya watu."

"Habari hiyo hata mimi naijua," Jenoveva alijibu. "Anaomba radhi."

"Basi nisamehe, mdogo wangu."

Siku ile Kwai ilibaki juu na Mnazi ikabaki bondeni, wala hapakuwa na jabali lililosogea kulifuata jingine. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana.