Majani Yaliyouliza Hesabu

"Paukwa, wajukuu!"

"Pakawa, bibi!"

"Sogeeni motoni. Leo nasema polepole, mnivumilie."

Zamani zile, Jumanne moja, saa tisa alasiri, kibuyu cha maziwa kilikauka katika boma la Barisa. Tangu saa hiyo boma halikuwa tena lile. Lakini nianze nyuma.

Barisa alikuwa mchungaji. Alikuwa na mke, na binti mchanga, Hawo, aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe mwekundu. Na alikuwa na bonde la majani.

Mvua zilipokwisha, majani yalimfika magotini. Yakasema, "Barisa, pima hatua moja huku, hatua moja huku. Kata yaliyomo, yaanike, uyafunge, ujue bonde zima lina mizigo mingapi. Nusu wape ng'ombe, nusu tuachie, tuzae tena. Sasa tuambie, ng'ombe wako wangapi?"

"Mifugo haihesabiwi. Kijicho kitaingia zizini."

"Tutajuaje kama tutawatosha?"

"Nyinyi oteni tu. Kazi yenu ndiyo hiyo."

"Bibi, majani yalikasirika?"

"Majani hayakasiriki, Dullo. Majani huisha."

Akaja shemeji yake, Jilo, na kundi lake. Mgeni haulizwi idadi. Majani sasa yalimfika Barisa kwenye vifundo vya miguu.

"Barisa, ng'ombe wako wangapi?"

"Kelele! Mnataka shemeji anione bahili?"

Jilo akasikia, akacheka. "Shemeji, siku hizi unaongea na nyasi?"

Barisa naye akacheka. Wakaketi wakanywa chai, na ng'ombe wakala.

Jua likazidi. Vumbi likainuka bondeni, ikabaki mizizi. Mizizi ikauliza, kwa sauti ya mgonjwa, "Barisa, ng'ombe wako wangapi?"

Safari hii Barisa aliogopa. Akaokota vijiti, kila ng'ombe kijiti chake, wake na wa Jilo.

"Sitini na wawili," akasema.

"Tulikuwa majani ya ishirini," mizizi ikajibu. Haikusema tena.

Jilo akaswaga wake, akaenda zake. Ng'ombe mwekundu akalala chini, asiinuke. Jumanne ile, saa tisa, mama alikikung'uta kibuyu mara tatu. Hakikutoa tone. Ijumaa tukamzika Hawo.

"Tukamzika? Bibi, ulikuwepo?"

"Hawo alikuwa mdogo wangu. Barisa ni baba yangu."



Baba aliviweka vile vijiti. Kila mvua zikikatika alikata majani, akayaanika, akahesabu ng'ombe bila kuona haya. Aliyekuja na kundi aliambiwa pale pale mlangoni: bonde linatosha, au halitoshi. Nanyi fanyeni hivyo, majani yakiwa bado marefu. Mkingoja mizizi iwaulize, mmechelewa.

Hadithi yangu nailaza hapa. Inueni mikono.

Ee Mola, mrehemu Hawo, umnyweshe katika mito ya maziwa ya peponi. Mrehemu baba yetu Barisa, umsamehe kuchelewa kwake kuhesabu. Amin.