Njia Aliyoingilia Ambwene

"Neno la kuwasha halipiti njia iliyozimwa." Bi Tumpale, mkuu wa mafundi wa mtandao, alimwambia hivyo fundi mmoja kijana aliyekuwa akiapa kwamba ameifungia namba ya mjomba wake na hatakanyaga tena kwake. Wenzake wakauliza neno hilo limetoka wapi. Methali hii ina kwao, akasema, na kwao ni humu humu ofisini, kwenye kiti kile cha dirishani.

Kiti kile alikikalia Ambwene, mtu asiyetulia hata akiwa ameketi. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye kompyuta za zahanati za mbali akiwa hapa mjini. Anaandika amri kwenye kioo cheusi, na mashine iliyoko milimani inatii. Mafundi walikuwa na desturi moja: kabla ya kuigusa njia yenyewe ya mtandao, unampigia simu mtu wa huko akae mbele ya mashine. Wenyewe waliiita kushika mlango.

Siku hiyo zahanati ya kijijini kwao Ambwene ilitakiwa kuwekewa anwani mpya ya mtandao kabla ya saa nane mchana. Saa nane bingwa wa mjini angetazama picha za tumbo la mama mjamzito aliyekuwa na hali mbaya, aseme kama asubiri au akimbizwe hospitali. Nesi wa huko alikuwa likizo, kwa hiyo wa kushika mlango alibaki tabibu Gwamaka, kaka yake Ambwene wa tumbo moja. Nao waligombana siku ya kuanua matanga ya baba yao, kisa shamba la migomba. Miezi saba sasa Ambwene alikuwa ameifungia namba yake.

Ampigie yule? Akajiambia kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Saa saba na nusu akaingia kwenye mashine, akaizima kadi ya mtandao ili abadilishe anwani kisha aiwashe. Kioo kikaganda. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ndipo jasho lilipomtoka, maana alikuwa ameizima njia ile ile aliyoingilia. Amri ya kuwasha alikuwa nayo vidoleni, lakini haikuwa na pa kupita.

Akasimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi. Kwa gari ni mwendo wa saa tatu. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa kuwa yule mama hakumkosea kitu. Saa nane kasorobo akaifungulia namba ya kaka yake, akapiga.

"Kaka, shikamoo. Nimekata njia ya mashine yenu. Nisaidie."

"Marahaba. Nakwenda kukaa mbele yake. Nisomee."

Akamsomea amri herufi kwa herufi, penye nukta akisema nukta, penye nafasi akisema nafasi. Gwamaka alikosea mara mbili, na Ambwene akamrudisha bila kufoka, jambo ambalo hakuwa amezoea. Saa nane kasoro dakika tatu kioo cha mjini kikaamka. Picha zikafika, bingwa akaagiza mama akimbizwe, na jioni akajifungua salama.

Lakini kabla ya hayo, Ambwene alishukuru haraka haraka ili amalize simu.

"Usikate kwanza," Gwamaka akasema. "Hiyo ya mashine nimeiwasha kwa sababu nilikuwa upande wa huku. Ya kwetu nimeitumia neno kila Jumapili, halipiti. Uliizima wewe, mdogo wangu, na swichi iko kwako."

Ambwene alilia, mtu mzima, mbele ya wenzake. Jumamosi alipanda kwenda kijijini.

Bi Tumpale akanyanyua kikombe chake, chai imeshapoa. Yule kijana alikuwa ametoa simu mfukoni, analitafuta jina la mjomba wake, na hakuna aliyemcheka.

"Ifungue, mwanangu," akamwambia. "Neno la kuwasha halipiti njia iliyozimwa."